Kibao cha Duka la Baba

Eldoret,
Jumatatu, 12 Mei 2025

Ndugu yangu Njenga,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, Eddah na watoto hamjambo huko Nakuru, na kile kikohozi chako kimekuachilia. Sisi tu wazima, ila Mama analalamikia magoti kwa sababu ya mvua, na mimi nalalamikia kila kitu, kama unavyonijua.

Njenga, nimechoka na jengo hili. Tangu duka letu litangazwe kuwa kumbukumbu ya kitaifa sijapata amani hata siku moja. Paa linavuja. Nilimwita fundi Obiero abadilishe mabati manne tu, yale yaliyo juu ya rafu ya misumari dukani, na hata ngazi hajaisimamisha akatokea afisa wa turathi kusema hakuna bati litakaloguswa bila kibali kutoka Nairobi. Nikamwuliza kama kutu nayo itangoja kibali. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Nikaomba kibali, wakanijibu baada ya wiki saba kwamba niambatishe picha ya paa la kwanza, la mwaka 1924. Hebu niambie, mwaka 1924 nani alikuwa anapiga picha mabati?

Halafu kuna wageni. Wanafunzi wa chuo wanatoka Chepkoilel kuja kuegemea ukuta na kupiga picha, na hakuna anayenunua hata kufuli. Mmoja aliniomba nisogee kando, eti aproni yangu inaharibu ukale wa jengo. Nilisogea, lakini nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Wiki iliyopita watu wa turathi wakaleta kibao cha shaba, wakakipigilia kando ya mlango. Kinasema kwa Kiingereza kwamba jengo lilijengwa na Kaburu aitwaye Hendrik Vosberg. Basi, imeishia hapo. Huyo Vosberg alikaa hapa miaka minne, akauza ng'ombe wake, akaenda zake. Baba alifungua mlango huo miaka arobaini na mmoja. Ule mwaka wa fujo za uchaguzi, sisi tukiwa bado tunalala kwenye hema, yeye alirudi, akafagia vioo vilivyovunjwa, akawauzia misumari watu waliokuwa wanajenga upya, bila kumwuliza mtu kabila lake. Kama hiyo si historia ya mji huu, sijui historia ni nini. Jina lake halipo, hata kwa herufi ndogo.

Mama, ambaye hasomi Kiingereza, aliniomba nimsomee. Alikuwa ametoka kanisani, ameushika ukuta, ananitazama. Nilishindwa. Nikamsomea kwamba hili ni duka la Waweru, aliyeutumikia mji huu kwa uaminifu. Alilia pale pale barabarani. Sasa kila anayepita anaonyeshwa jina la mumewe, na ameitisha maombi ya shukrani Jumamosi tarehe 31. Mchungaji atakisoma kibao kwa sauti mbele ya akina mama wote wa kanisa.

Sasa nifike pale ninapoogopa. Umekuwa ukiilaumu serikali kwa kuharibu mipango yako na yule tajiri aliyetaka kujenga ghorofa hapa. Si serikali, Njenga. Ni mimi niliyepeleka ombi la duka kufanywa kumbukumbu. Ulipomleta kupima kiwanja, hata nyasi hazijaota kwenye kaburi la Baba, nilienda kuchukua fomu siku iyo hiyo. Waliuliza historia ya jengo. Nilianza na Baba, nikaandika nusu ukurasa, kisha nikajiuliza nani huko juu atamjali muuza misumari. Nikamfuta. Nikaandika Kaburu, maana niliona jina la mzungu litapita haraka, na kweli likapita. Kwa hiyo nisikudanganye tena. Aliyemfuta Baba ni mimi, kwa mkono wangu.

Nimeshamweleza afisa yote. Anasema anaweza kuweka kibao cha pili, cha mbao, chenye habari za Baba, na hilo Mungu asifiwe halihitaji Nairobi. Lakini lazima warithi wote wawili watie sahihi, na wewe uondoe lile pingamizi la kupinga duka kuwa kumbukumbu, uliloweka kupitia wakili wako. Najua maana yake. Ukitia sahihi, ghorofa yako imekufa.

Karatasi nimeiweka ndani ya bahasha hii. Nitukane kwa simu utakavyo, nimestahili, na sitakata. Ila tia sahihi kwanza, uirudishe wiki hii. Mama amesema siku hiyo atasimama karibu kabisa na mchungaji, asije akakosa kusikia jina la mumewe likisomwa.

Msalimie Eddah, wabusu watoto. Mama anakusalimu sana, na amesema kiti chako kitakuwa cha mbele.

Ni mimi dada yako,
Nyakio