Kuta Zisizoonekana Kiwandani

Boito

Mama mpendwa,

Salamu kutoka huku Boito kwenye baridi. Mgongo unaendeleaje? Natumaini mvua imekuachia nafasi ya kuanika mahindi. Mimi ni mzima, ila samaki wa huku ni wa kuhurumiwa.

Mama, nimeona ajabu. Hapa kiwandani mizani, uhasibu na stoo zilikuwa kila moja na mtandao wake wa kompyuta, waya zimejaa ukutani. Meneja aliniagiza niziweke kwenye mtandao mmoja, lakini idara zisionane. Akasema wazi: majani ya chai yakiharibika hata siku moja, waya za zamani zitarudi kazini na mimi nitarudi kwetu. Usicheke, najua ungefurahi!

Ni kama boma letu: ua mmoja, lango moja, lakini kila nyumba na mlango wake. Ila kuta hizi hazionekani. Nimeziandika tu ndani ya kifaa kimoja kinachounganisha waya zote: tundu hili la ukutani ni la mizani, lile la uhasibu.

Jumatatu asubuhi lori za majani zilikuwa zimepanga foleni, karani wa mizani, Kiprono, akaja mbio.

"Achieng', hii kompyuta imekufa! Majani inashika joto huko kwa lori!"

Nikamuuliza, "Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu. Nimesongesha meza tu. Si unaona vile baridi iko?"

Huku mvua ikinyesha, kila mtu huhamia karibu na ukuta wenye joto wa chumba cha kukaushia chai. Kiprono alihama na kompyuta yake, akaichomeka kwenye tundu la uhasibu. Ukuta wangu ukamzuia! Sikuvuta waya wala kurudisha meza. Niliandika tu kwamba tundu lile sasa ni la mizani. Mara uzito wa gunia la kwanza ukatokea.

"Ai! Umefanya nini na hata hujasimama?"

Mwili ulinisisimka, Mama. Nimeyasomea haya miaka, lakini siku ile nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Msalimie Baba, dada anayenyonyesha, na mjomba fundi viatu. Mwambie si uchawi.

Jana waya za zamani ziling'olewa zote. Meneja alizitazama, akaniambia, "Sasa hakuna kurudi nyuma. Andikia mama yako, mwambie tumekuchukua kabisa."

Basi, ndiyo maana nimekuandikia.

Binti yako anayekukumbuka,
Achieng'