Magunia ya Makala Kando ya Barabara

Nchelenge, Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025

Kwa Yaya wangu Mathilde, dada mkubwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama na watoto wote mlio nao hapo Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mguu wa Mama umeacha kuvimba? Na Bénie, meno ya mbele yameota, au bado anacheka na pengo? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila roho haitulii. Barua hii nimeianza mara tatu tangu asubuhi. Mara ya kwanza niliinuka kwenda kugeuza nguo nilizoanika, na nguo zilikuwa zimekwisha kauka tangu jana. Mara ya pili nilikwenda kwa jirani kuomba chumvi, na chumvi ninayo. Sasa nimekaa, na sitainuka tena mpaka niandike jina langu hapo chini.

Barua anakuletea Papa Davison, yule mnunuzi wa samaki, anavuka kesho. Ningeweza kukupigia simu. Lakini mtandao ungekatika katikati ya maneno, na mimi, kusema kweli, ningefurahi ukatike.

Najua habari za mumeo zimekufikia. Watu wanaovuka ziwa hawavuki na samaki tu. Wamekuambia kwamba Albert ameharibu mradi wa umeme, kwamba aliwachochea wakimbizi wenzake wachome pori kwa ukaidi, na kwamba anafukuzwa kambini. Nakuomba, kama unanipenda, usimtumie neno kali kabla hujafika mwisho wa karatasi hii.

Tangu uvuke kwenda kumuuguza Mama, shida ya umeme imezidi. Mabwawa yalipungua maji mwaka ule wa ukame, wakaanza kutupa umeme kwa zamu, na mpaka leo zamu zenyewe hazieleweki. Samaki wanatoka kisiwani Chisenga wazuri kabisa, wakifika Nchelenge barafu hakuna, wanaanza kuharibika muuzaji akiwaangalia. Mwenye jenereta anauza barafu kwa bei anayoota usiku wake. Na kwa kuwa majiko ya umeme yamelala, mji wote unapika kwa makala tu, mkaa wa miti, na makala yanatoka kwenye pori letu hapa nyuma ya kambi. Watu wanaongezeka, simu zinaongezeka, friji zinaongezeka, miti peke yake ndiyo inapungua. Sisemi kama mwenye haki. Hata chai ninayokunywa nikikuandikia imechemka kwa makala.

Ndipo mwezi wa nane ulipokuja mradi. Mkuu wao huku ni Bwana Kingsley, kijana wa Lusaka, mpole, anavaa kofia hata akiwa ndani ya nyumba. Vijiji vya Wazambia aliviitia mkutano wao kwa Kibemba. Sisi wa kambini tulikuwa na mkutano wetu, yeye akisema Kiingereza na mimi nikigeuza kwa Kiswahili, kama nilivyokuandikia wakati ule kwa majivuno mengi. Alieleza kwamba moshi wa viwanda na magari na jenereta unapanda juu na kuipasha dunia joto, mvua inapotea, mabwawa yanashuka, umeme unakatika, na watu wanawasha jenereta zaidi. Wao wanataka kujenga stesheni ya paneli za jua, na pembeni chumba cha baridi cha kuwekea samaki, bila moshi hata kidogo. Feza ya kujengea ingetoka kwenye pori lenyewe. Na tuliloondoka nalo pale ni kwamba mradi utanunua makala ya pori hili, na makala yakiwa mengi, stesheni itakuwa kubwa.

Usicheke, Yaya. Kuna waliouliza, mbona mtu anayeogopa moshi anataka makala? Jibu alilitoa Albert, unajua akili yake inavyopenda kufunga kila tundu. Alisema ni wazi: wanayanunua yote ili wayapeleke mbali, yasichomwe hapa kwetu. Kila mtu akaona kweli. Albert akapanga zamu kwa bloku, hawa wakate, hawa wachimbe tanuru, hawa washone magunia. Hakupanga kwa ajili yake. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na daftari, na siku moja aliniambia mimi shemeji yake, jasho likimtiririka, “Mulamu, makala mingi, courant mingi. Mbele ya Noeli Mathilde atarudia ku nyumba yenye mwangaza.” Alikuwa anakuwekea umeme wewe.

Kwa muda wa wiki tano pori lilifuka. Misuku iliyokuwa inaanza kuzaa ilikatwa, na ile miti mikubwa ya upande wa mashariki, tunakookota viwavi wa kula, ilikatwa pia. Mwisho wa mwezi wa tisa Bwana Kingsley alirudi na wapimaji wawili, wamekuja kupima unene wa miti. Walikuta magunia yamepangwa kando ya barabara toka kanisani hadi kisimani, yamefungwa vizuri, na ubao umeandikwa kwa chokaa MAKALA YA MRADI. Mama Thelma, ambaye mumewe ni mzee wa kanisa, alipiga vigelegele. Watoto walikimbilia gari. Watu waliuliza mizani iko wapi.

Bwana Kingsley alivua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia. Alisimama akayatazama magunia, akatazama kule miti ilikokuwa. Kisha waliingia garini wakaondoka, na vigelegele vikafa kimoja kimoja.

Baadaye tuliambiwa kwamba wale wa vijiji vya Kibemba hawakukata hata mti mmoja. Hilo ndilo lililommaliza Albert. Kama wenzenu walielewa na ninyi mmechoma, basi ninyi ni wakaidi, na mwenye daftari ndiye kiongozi wa ukaidi. Wale aliowapangia zamu sasa wakimwona wanavuka njia. Shamba lake la muhogo wanataka kulitoa kwa mtu mwingine. Keshokutwa, Alhamisi, kamati ya mradi inakaa kuamua mambo mawili: kama Albert aondoke kambini, na kama stesheni ihamishiwe Mwansabombwe.

Yaya, nimefika mahali nilipokuwa nainukia.

Siku ile ya mkutano Bwana Kingsley hakusema makala. Alisema watatulipa kwa ajili ya carbon ya pori. Neno hilo kwa Kiingereza sikulijua. Nilisikia charbon, makala kwa Kifaransa. Nikakumbuka pia zile karatasi nyeusi za papier carbone alizokuwa nazo Papa wetu pale ofisi ya serikali, komine, zilizokuwa zinampaka vidole, na kila kitu kichwani mwangu kikawa cheusi. Ningeweza kumgeukia na kumwuliza maana yake. Lakini watu mia tatu walikuwa wananitazama mdomo, nami nilikuwa nimevaa blauzi mpya, nikaona aibu kuuliza. Nikasema, watanunua makala. Wazee husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, na vidole vilivyoumia ni vya wengine.

Hilo lingesameheka. Kosa ni kosa. Sasa nakuambia lisilosameheka.

Siku nne baada ya mkutano niliitwa ofisini kwao hapa mjini, wakanipa karatasi ya kusoma polepole. Ilikuwa na picha ya mti umesimama, na maelezo kwamba carbon ni kitu kilichomo ndani ya mti, na kinakaa humo maadamu mti haujakatwa wala kuchomwa. Wanalipa ili mti usimame. Nilielewa palepale. Na katika meza hiyohiyo walinipa karatasi ya pili, ya kazi ya kudumu ya mkalimani. Nikaweka sahihi. Nikajiambia watu wa kambi ni wa maneno, hawatakata kitu. Walipoanza kukata nikajiambia nitasema Jumapili baada ya ibada. Jumapili watu walikuwa na furaha, nikaona vibaya kuwaharibia. Jumapili nyingine nikaogopa, kwa sababu ningeulizwa mbona hukusema Jumapili iliyopita. Hivyo hivyo, Yaya, mpaka miti ikaisha.

Ijumaa iliyopita walimwita Albert kwa mahojiano, na mkalimani nilikuwa mimi. Bwana Kingsley aliuliza ni nani aliyewaambia kwamba mradi unanunua makala. Niligeuza swali kwa Kiswahili nikiangalia meza. Albert alikuwapo siku ya mkutano, alikaa mstari wa mbele, anajua ni mdomo gani uliosema. Niliinua macho nikakuta ananitazama, si kwa hasira, ananitazama kama anavyomtazama Bénie akivunja sahani. Kisha akasema, “Hakuna mutu mwenye aliniambia. Ni miye mwenyewe nilijifikiria.” Nikamgeukia Bwana Kingsley nikayasema maneno hayo kwa Kiingereza, yote, na siku hiyo sikukosea hata moja.

Nimemwendea Albert mara mbili tangu siku ile. Mara zote mbili ameniuliza kama nimekula, na mara ya pili aliniambia kwamba mdogo wa mke ni mtoto wa nyumba, na mtoto wa nyumba hatolewi nje akapigwe na watu. Simwezi kwa wema wake. Ningependa anitukane.

Alhamisi nitasema mbele ya kamati, kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili ili kambi yote isikie. Wakijua kwamba haukuwa ukaidi, huenda wakamwacha Albert na shamba lake, huenda hata stesheni ikabaki. Miti haitarudi, na kazi yangu itakwisha, na sijui nitaweza vipi kupita barabara ileile. Najijua mimi ni mtu wa Jumapili ijayo. Ndiyo maana nakuandikia leo. Papa Davison akishavuka, wewe utajua, na nikinyamaza Alhamisi nitakuwa nimenyamaza mbele yako.

Mkumbatie Mama, ila usimsomee. Wabusu watoto, Bénie mara mbili. Ukimaliza kusoma, mwandikie mumeo neno zuri, hata fupi, kwa sababu hapa hakuna anayemwambia lolote. Mimi usiniandikie mpaka utakaposikia nimefanya nini.

Ni mimi mdogo wako,
Ngalula