Siku Mama Alipouliza Jina la Punda

Nyuma ya Kanisa la Mikaeli,
Debre Birhan.
Siku ya tatu baada ya Timkat.

Mdogo wangu mpendwa Yilma,

Amani ya Bwana ikukute mzima huko Johanesbagi. U hali gani? Hirut naye hajambo? Natan bado anakohoa, au joto la huko limemponya? Na dukani, hamsumbuliwi? Huku baridi ndiyo ile ile uijuayo, asubuhi maji ya ndoo yameganda juu. Sikukuu ya Timkat, ya ubatizo wa Bwana, ilipita salama. Tulinyunyiziwa maji ya baraka mpaka tukalowa, na Mama akalowa kuliko wote kwa sababu alisukuma watu ili asimame mbele.

Sisi hatujambo. Najua kila simu nasema hatujambo, lakini safari hii ni kweli, ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Nikikupigia simu Mama haachi kuninyang'anya. Mdogo wangu, Mama alikuwa mgonjwa tangu baada ya sikukuu ya Msalaba. Usishtuke, soma hadi mwisho. Amepona. Hivi sasa yuko uani anamgombeza kuku.

Wazee walisema tusikwambie mpaka apone, usije ukafunga duka na kupanda ndege kwa hofu. Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Labda umbali umeanza kukusahaulisha mambo ya kwetu. Mtu akifiwa na ndugu aliye mbali, haambiwi njiani wala kwa simu. Watu wa chama cha kuzikana hukusanyika kimya kimya kabla ya jua, kisha huingia kwake wote kwa pamoja, ili kilio kimkute ana mikono ya kumshika. Ni desturi ya huruma. Baba alipofia Jima tulipata habari hivyo hivyo, na ni wewe uliyekuwa umenishika mkono.

Sasa alfajiri ile walikuwa wanakwenda kwa jirani yetu Zenebech. Kaka yake alikuwa amefariki Dese. Wakahitaji mahali pa kungojana, wakachagua langoni kwetu kwa sababu mkalitusi wetu unakinga upepo. Hakuna aliyefikiri zaidi ya upepo.

Mama alikuwa ameamka kusali. Akasikia miguu, miguu mingi, na hakuna anayezungumza. Akafungua. Akawaona wamejaa langoni, shuka zao nyeupe wamezigeuza pindo juu kama tuvaavyo msibani, na Mzee Shibeshi mwenyekiti ametangulia. Mama hakuuliza kitu. Alipiga ukelele mmoja, "Yilma wangu!" akaanguka.

"Si wewe, mama! Si kwako!" Mzee Shibeshi akawa anapaza sauti. Nani wa kumsikia? Zenebech naye, kusikia ukelele, akatoka kwake mbio bila viatu aje kumsaidia Mama. Akamkuta mwenyekiti, akaona shuka. Akauliza, "Nani?" Watu wote wakatazama chini. Basi tukawa na wanawake wawili chini, langoni kwetu, na jua bado halijachomoza.

Tulikupigia simu asubuhi ile ile ili Mama asikie sauti yako. Wewe ulidhani tunakusalimia tu. Aliponirudishia simu akaniambia, "Hiyo ni sauti tu. Marehemu padri wetu si anahubiri redioni kila Jumapili?" Nikamwambia, "Mama, Yilma amekuuliza habari za goti lako!" Akasema, "Goti langu linaniuma miaka yote. Hata marehemu angeuliza."

Ndipo siku ya pili akakupigia mwenyewe, akakuuliza jina la punda aliyekuangusha mtoni ulipokuwa mdogo. Unakumbuka ulivyocheka? Ukasema, "Shambeli! Mama, leo umemkumbukaje yule mwenye maringo?" Hukujua unaulizwa kama uko hai. Mama alikaa kitako pale pale akalia, akasema sauti iliyohifadhiwa haiwezi kujua jina la punda.

Tukadhani yamekwisha. Kumbe kichwa kimeamini na mwili haujaamini. Kila alfajiri anaamka kabla ya jogoo, moyo unamdunda, jasho linamtoka katika baridi hii. Anakaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza lango. Chakula hakishuki. Akaanza kugawa vitu vyake, shuka nzuri akanipa mimi, sufuria ya shaba akampa binti yangu. Akasema moyo wake umepasuka. Yilma, alikonda mpaka nikawa natazama pembeni nikimvisha. Usiku nilikuwa nikimwomba Mungu asije akatupokonya Mama kwa ajili ya kifo ambacho hakikutokea.

Mume wangu Demissie akasema twende hospitali. Mama akasema twende kwenye maji matakatifu, na mtu akinywa maji matakatifu hachanganyi na dawa. Wakabishana wiki nzima. Mwisho nikamwita Aba Tensai, baba yake wa maungamo. Akamsikiliza, kisha akamwambia, "Mwanangu, maji ni ya Mungu. Na aliyeotesha dawa ni nani, jirani yake?" Mama akakubali hospitali, na unajua yeye hukubali mara ngapi. Aba akamwondolea na mfungo mpaka apate nguvu. Hapo Mama alimkasirikia, lakini akatii.

Hospitali walimpima moyo kwa mashine, ukaonekana mzima. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakageuka. Mama yeye alinuna. "Basi mnaniona mwongo?" Muuguzi, kijana mmoja mpole aitwaye Tewabe, akamwambia, "Hapana, mama. Hofu yako ni ugonjwa wa kweli na una tiba. Mwili wako umejifunza kuiogopa alfajiri, tutaufundisha tena." Akamfundisha kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Akampa vidonge vya muda, akamwambia atembee juani kila siku, ale kabla ya kunywa chochote, asikae peke yake na mawazo, na kahawa apunguze.

Kahawa! "Huyu mtoto anataka nife kabla ya wakati," Mama akasema njia nzima. Lakini alipata ufumbuzi wake mwenyewe. Anakaa nasi mizunguko yote mitatu ya kahawa, ule wa kwanza mkali anaunusa tu, wa pili anaupungia mkono, na wa tatu mwepesi, ule wa baraka, ndio anaokunywa. Anasema muuguzi hana mamlaka juu ya baraka.

Hata hivyo naona dawa iliyomwinua hasa ni Zenebech. Mwanzoni Zenebech alikuwa akimwonea haya, kwamba msiba wake ndio uliomwangusha Mama. Siku moja Mama akajikongoja akaenda kwake, akamwambia, "Wewe ulikuja kwangu bila viatu, mimi nikulipe kwa kukaa ndani?" Tangu hapo wanatembea pamoja hadi kanisani kila asubuhi, mmoja akimlilia kaka yake, mwingine akisimulia hofu yake, na wakirudi wanawasema wakwe zao. Nami nasikia yote.

Mzee Shibeshi naye aliomba radhi mbele ya chama chote. Wamekubaliana kwamba wanaoleta habari za msiba wasikusanyike tena langoni pa mtu, wangojane ukutani pa kanisa. Na mwenye shida nyingine akija kwetu kabla ya jua, aseme akiwa bado barabarani: "Heri tu!"

Sasa nikupe la juzi. Alfajiri, giza bado, lango likagongwa, na aliyegonga hakusema "heri" wala nini. Niliruka kitandani, moyo ukinipiga mimi sasa, nikakimbilia kwa Mama. Nikamkuta amelala, blanketi hadi puani. Bila kufungua macho akaniambia, "Lala, Asegedech. Ni mke wa Alemu anataka chachu ya mkate wa injera. Tangu aolewe hajajifunza kuchachua." Akageuka ukutani. Nikaenda kufungua, kweli ni mke wa Alemu na bakuli lake. Nilimpa chachu nikicheka na kulia, maskini akadhani nimefiwa.

Ombi langu ni moja. Ukiumwa, sema unaumwa. Duka likienda vibaya, sema. Nasi tutakuambia ya kwetu. Kimya kimetugharimu.

Demissie na watoto wanakusalimu, Zenebech pia, Aba Tensai anakuombea kwa jina lako la ubatizo. Mtakatifu Mikaeli akufunike kwa mbawa zake wewe, Hirut na Natan. Mama anasema nikuandikie kwamba goti linauma, na usisahau kuliuliza.

Ni mimi dada yako nikupendaye bila kipimo,
Asegedech