Kiunzi cha Ndege Kimepita, Baba

Tororo, Jumapili ya pili ya Aprili, baada ya ibada

Baba,

Leo nakueleza yote, hata yale ambayo Mama amesema niyaache. Kubwa kwanza: kiunzi cha ndege kimepita ukaguzi! Ndege itaruka.

Ulipotuacha, ulikuwa umekwisha kuchomelea mabomba yote, lakini ndani yake hakukuwa na kinga ya kutu. Rubani mwenye ndege alikuja matangani, akakaa na wazee kwa heshima, kisha akamwambia Mama kwamba atakipeleka kiunzi kwa fundi mwingine, ng'ambo ya Busia. Mama akamjibu, "Kazi ya mume wangu haitoki hapa nusu." Nilijua anaogopa. Mkaguzi wa ndege angekikataa, watu wangesema mtengeneza malango alijaribu kupaa.

Baba mdogo Oboth alitaka tumimine mafuta ya kuzuia kutu ndani ya mabomba siku hiyo hiyo. Mimi nikasema tupime kwanza, kama ulivyonifundisha. "Haya, Injinia," akanicheka, "pima." Tukaziba matundu yote uliyoacha kwenye mabomba isipokuwa moja, tukajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, nikapaka povu la sabuni kila kiungo, kama wanavyotafuta pancha pale mpakani. Karibu na mkia, povu likafanya kiputo. Kikapasuka, kikaja kingine: upepo ulikuwa unavuja.

Nilikumbuka siku ulipokichomelea kiungo hicho. Ulikuwa umeketi juu ya kreti ya soda, unakohoa, unakataa kupumzika. Nikalia, Baba.

Baba mdogo akasema taratibu, "Tupake rangi. Nani ataona?"

Mama hakupandisha sauti. "Mvua itaona. Unyevu utaingia hapo, utakula chuma kimya kimya kutoka ndani, na siku moja mtu atakuwa juu."

Baba mdogo akarudi kwenye kiungo. Akavaa miwani yako, akakisugua kiungo mpaka kikang'aa, akakichomelea upya. Nilipopaka povu tena, lilitulia.

Ndipo tukapasha moto mafuta ya kitani, yale ambayo maseremala hupaka mbao, tukayamimina ndani. Hapo ilihitajika mikono. Akina mama wa kwaya wakaja kutoka Mukuju, tukakigeuza kiunzi ubavu huu, ubavu ule, kichwa chini, mkia juu, kama mbuzi wa harusi motoni. Kila mmoja alikuwa akipapasa bomba lake: likiwa na joto, mafuta yamefika, likiwa baridi, bado. Mama Nyafwono akapiga kelele, "Huku kwangu ni baridi kama maji ya mtungi!" Tukainua upande wa pili mpaka akaruka, "Wee! Sasa mnaniunguza!" Wakaanza kuimba bila kuambiwa. Ungecheka, Baba. Ungecheka sana.

Tukamwaga mafuta yaliyobaki. Baba mdogo alikuwa anaondoka bila kuyaziba matundu, kama anavyoyaacha kwenye malango. Kabla sijafungua mdomo, akajipiga paji la uso: "Ala! Hili si lango." Tukayafunga yote kwa skrubu, hewa yenye unyevu isipate njia.

Mkaguzi alikuja Ijumaa. Aligonga kila bomba, akasikiliza. Kwenye kiungo cha mkiani alisimama muda mrefu, na Mama akanibana vidole mpaka vikaniuma. "Nani alichomelea hiki?" akauliza. Baba mdogo akajibu, "Kaka yangu. Mimi nimemmalizia." Mkaguzi akainama tena, akakipapasa, akanyooka. "Nimeridhika. Sasa kivisheni kitambaa cha kufunika mwili wa ndege."

Mama alipiga vigelegele mpaka boda boda zikasimama barabarani! Na rubani, yule yule aliyetaka kukihamisha, ameuliza kama tutapokea kiunzi cha rafiki yake.

Pumzika sasa, Baba. Nakuahidi, kila mwaka kabla ya mvua nitadai kile kiunzi kipimwe, na shuleni fizikia sitaiacha hata ikinitoa machozi. Kwaheri kwa leo, kutoka kwa Athieno wako.

Lakini kuna neno moja. Rubani amesema ndege ikishajaribiwa atanipandisha, na Mama amekubali, baada ya kuuliza mara nyingi kama milango yake inafungwa vizuri. Tutapita juu ya Mukuju, juu ya migomba uliyolala kando yake. Nijibu upesi, hata kwa ndoto: nikupungie mkono kutoka dirisha la kushoto au la kulia?