Hatua Nane za Ukuta Wako

Dada yangu Mbeleje,

Mbukwa, kama mama alivyotufundisha kumsalimu aliyetuzidi umri. Salamu nimeshatoa, na usinitafutie nyingine, maana hasira niliyo nayo hainiachii nafasi ya maneno ya heshima. Sikiliza walichoufanyia ukuta wako. Na yeyote atakayeiokota barua hii na aisome kwa sauti. Sijaandika siri.

Unakumbuka ulivyoanza? Bohari ya reli hapa Dodoma ilikuwa imekandikwa juzijuzi, udongo bado unanuka maji. Mimi nilikuwa nawachotea mafundi maji, wewe ukiwapikia uji wabeba reli. Ukachukua udongo mwekundu, ule ule tunaojipaka mwilini na mafuta siku za ngoma, ukachora gari la moshi kwa kidole. Gari lenyewe lilikuwa bado halijafika! Tulikuwa tunalisikia tu kwa watu waliotoka pwani. Mzee Songoro, yule Mmanyema aliyebaki mjini tangu enzi za misafara, akasimama nyuma yako na kipande cha mkaa.

"Binti, gari lako halina magurudumu. Litakwendaje, kwa kutambaa?"

"Basi litie wewe, mzee, uliyeliona."

Akalitia. Siku ya pili akaja mtani wetu Nyamizi, Mnyamwezi aliyemfuata mumewe kwenye kazi ya reli, ana udongo wa manjano kwenye kibuyu. "Wagogo nyie," akasema, "mkishamaliza kujipaka wenyewe mnahamia ukutani!" Ukamjibu, "Na nyie mkishachoka kubeba mizigo ya watu mnahamia kwenye shughuli za watu. Leta hiyo rangi." Tukacheka mpaka mnyapara akaja kuuliza kuna nini.

Hivyo ndivyo lilivyoanza kundi letu, dada, na nalieleza hapa kwa sababu sasa kuna watu wanaolieleza vingine. Hakuna bwana aliyetukusanya. Tulijiita Watu wa Ukuta. Tulikuwa saba, kutoka pande ambazo babu zetu walikuwa wakizisikia kwa jina tu, na sheria yako ilikuwa moja: kila mtu rangi yake, na picha yoyote isimalizwe na mkono mmoja. Wewe nyekundu, Songoro nyeusi, Nyamizi manjano, mimi nyeupe, kwa kuwa nilikuwa nimeshajifunza kuchoma chokaa, tena kwa kuiba kwa macho, hakuna aliyenifundisha. Wale watatu wengine walikanda udongo na kujaza palipotaka kujazwa. Tulichora kuta za vijijini, Ihumwa na Hombolo, watu wakitulisha ugali wa uwele na mlenda. Kisha tukarudi bohari kuchora ukuta mkubwa.

Ukuta ule una hatua ishirini. Nimeupima mwenyewe, na kwenye hesabu mtu hanidanganyi. Hatua kumi na mbili za kulia ni gari la moshi, na moshi wake, na mbuzi wanaolikimbia. Hatua nane za kushoto ni watu wanaobeba reli begani, na wa mbele yao ni shemeji Ndahani.

Mumeo aliangukiwa na reli kifuani pale kwenye tuta la reli, akafa. Askari mwenye kiboko aliwaamuru wabebaji wenzake waendelee na kazi, wakamruka. Wewe hukulia mbele ya watu. Ulichora. Siku zote zile uliivunja sheria yako mwenyewe, hukutaka mtu akushikie hata chombo cha rangi, na ulipomaliza, Ndahani alikuwa mkubwa kuliko gari la moshi.

Bwana Msimamizi, Mdachi mwenye stesheni, akaja na chombo chake cha kupigia picha. Akatazama, akauliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Kwa nini mtu mkubwa, gari dogo?"

"Kwa sababu ndiye aliyelileta, bwana."

Hakulipenda jibu lile, nilimwona. Akauliza, "Nani fundi? Nani amechora?"

Na wewe, dada yangu, mwenye akili kuliko sisi sote, ukasema, "Sisi sote."

Sisi sote! Nilikukasirikia mpaka usiku sikula. Nilikwambia, mtu akiulizwa fundi anataja jina. Mimi tanuri langu la chokaa mji mzima unajua ni la nani. Wewe ukanijibu taratibu, "Nikitaja langu, magurudumu nitasema ya nani?" Ukanigeuzia mgongo ukaendelea kusaga udongo. Kiangazi kilichofuata homa ikakuchukua, na ugomvi wetu ukabaki pale pale ulipokuwa.

Sasa nani alikuwa sahihi? Majuzi nimeingia duka la Mhindi wa nguo, nikakuta kadi za picha zimetoka Ulaya. Picha ya ukuta wetu! Nikamwomba karani wa stesheni anisomee maandishi ya Kidachi ya chini. Akasoma: ukuta wa bohari ya Dodoma, umechorwa na Bwana Msimamizi akisaidiwa na vibarua. Akisaidiwa! Mtu ambaye hajawahi kuchovya hata kidole! Halafu nikaitazama vizuri. Gari lipo, moshi upo, mbuzi wapo. Hatua kumi na mbili. Zako nane hazimo, zimekatwa, na Ndahani hayupo. Mara ya kwanza walimruka, mara ya pili wakamkata.

Ungedhani yameisha. Wiki hiyo hiyo Bwana Msimamizi ananiita. Mkubwa wao anakuja kutoka pwani, anataka kuuona ukuta wa kwenye kadi, kwa hiyo ukuta ufanane na kadi. "Upande wa kushoto, piga chokaa." Anamwambia nani? Mimi. Niichome mimi, niikoroge mimi, nimfunike shemeji yangu kwa mkono wangu mimi, halafu niseme ahsante bwana. Kukataa ni hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na mgongo ninao mmoja tu.

Niliwaita wenzetu. Songoro akasema tukatae, yeye ni mzee, apigwe yeye. Tukabishana. Mwishowe Nyamizi akaniuliza, "Wewe mchoma chokaa, chokaa inashika juu ya mafuta?"

"Haishiki. Ikikauka inabanduka."

"Na nyie Wagogo udongo mwekundu mnaupaka na nini?"

Tulikwenda kutafuta mafuta ya nyonyo.

Tulimpaka Ndahani mafuta, dada, asubuhi kweupe, mbele ya askari aliyedhani tunasafisha ukuta. Kichwa, mabega, kifua, kama anavyopakwa mtu anayekwenda ngomani. Songoro alimpaka miguu. Mimi nilipaka kifua, pale ilipoangukia reli. Kisha nikapiga chokaa juu yake, chokaa yangu nzuri kuliko zote, nyeupe pe. Bwana Msimamizi alikuja akanipiga piga begani.

Mkubwa wake alifika jua likiwa kali. Gari likaingia likipiga honi, ardhi ikatetemeka, na chokaa iliyokuwa imeshaanza kupasuka ikaanguka. Ilianguka vipande vikubwa kama vigae. Bega likatoka, likatoka la pili, kisha uso. Ndahani akasimama pale aking'aa kwa mafuta, mkubwa kuliko gari lililokuwa limesimama mbele yake, na wapagazi wote wakaacha mizigo wakatazama. Mgeni akauliza huyu ni nani. Nikataja jina, kwa sauti: "Ndahani. Ndiye aliyeleta reli hii." Nilikuwa nimelibana kooni tangu siku ile ya tuta.

Bwana Msimamizi uso ulimwiva. "Nani amepiga chokaa hii? Nani?"

Nikafungua mdomo kusema ni mimi. Kazi ni yangu, jina ni langu, si ndivyo nilivyokuwa nikikufokea? Songoro akanitangulia. "Sisi sote," akasema. Nyamizi akasema, "Sisi sote, bwana." Na wale watatu. Na mimi nikasema. Lilinitoka kama nimezaliwa nalo, lile jibu nililolitukana.

Kesho tunaitwa bomani, na sijui tutarudi na migongo ya namna gani. Hasira yangu kwao haijapungua hata chembe, kadi zao bado zinauzwa na jina lile lile chini. Lakini hasira yangu kwako nimeiweka chini leo.

Askari alitupanga mstari atuandikishe. Akatuhesabu, akapata sita. Nikamwambia umehesabu vibaya, rudia. Akarudia, sita. Nikamwambia, andika saba.

Lala, dada. Mafuta bado yapo ukutani.

Mdogo wako,
mchoma chokaa