Shikamoo ya Dakika ya Hamsini na Tisa

Schola, kile kipindi cha watoto cha rekodi za dunia, tulichokuwa tunakitazama kwa baba yako kule Nanganga, bado kipo. Leo walikuja shuleni kwetu Mkunya.

Naandika nikiwa ofisini. Sihisi kitu.

Darasa langu la tatu, watoto arobaini, walitakiwa kukaa saa nzima bila kutoa sauti. Akisema mmoja tu, rekodi imekwisha. Mimi nilikuwa shahidi, nimekaa nje ya mlango na saa.

Dakika ya hamsini na tisa mpiga picha akaniashiria niingie, nionekane nikihesabu. Nikaingia.

Wakasimama wote arobaini. "Shikamoo mwalimu."

Na mimi nikaitikia. Schola, niliitikia. "Marahaba, kaeni." Mbele ya kamera.

Mtangazaji akasema sauti inaweza kufutwa, hakuna atakayejua. Mwalimu mkuu akanitazama. "Ni saini yako tu, Mama Gregory. Watoto wamejitahidi."

Nikaandika: dakika 58, sekunde 40. Nikasaini. Wakafunga vyombo vyao wakaondoka. Watoto wangu hawataonekana kwenye televisheni.

Nikarudi darasani nikawauliza: si nilisema asiongee mtu, hata akiingia nani?

Agatha, yule mdogo wa dawati la mbele, akasimama. "Tungenyamaza, mwalimu, ungesema hatuna adabu."

Nimetafuta kosa katika jibu lile tangu saa sita. Sijaliona.