Marekani ya Timboroa

Mjukuu wangu Achieng,

Hapa Kapsoya tuko salama. Babu yako bado anakohoa, lakini mahindi yote yameingia ghalani. Nimefurahi kusikia mimba yako inaendelea vizuri.

Umeniuliza umnunulie mtoto nini kwanza. Mimi naona marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba kisicho na urembo.

Siku niliyomzaa baba yako, tulikuwa tunatoka Nakuru. Basi likaharibika Timboroa, mvua inanyesha, na uchungu ukanishika kabla ya wakati wake. Abiria mmoja, mama mwenye duka ambaye sikumjua, akawaambia wanaume wote washuke. Alikuwa amebeba marekani mpya ya kushona shuka zake.

Mtoto alipozaliwa, nguo za nailoni nilizomnunulia hazikufyonza maji hata kidogo. Basi yule mama akairarua marekani yake kwa meno. Kipande kimoja akampangusia mtoto, kingine akanifunga tumboni. Lakini mtoto alikuwa baridi na kimya. Akachukua kipande kikavu, akamsugua mgongo, akisema, "Lia, baba. Lia tu." Akasugua mpaka nikaanza kukata tamaa. Ndipo baba yako akalia, na mimi nikalia pamoja naye.

Basi lilipotengenezwa tukafika Eldoret, nikamwambia yule mama, "Mama, nimekumalizia shuka zako."

"Nitalalia zile za zamani," akajibu, akambusu mtoto, akashuka na mfuko mtupu.

Nakuombea kila asubuhi, mama yangu.

Nyanya yako